Mkate wa Baba na Mlango Niliouziba

Jumapili, 2 Novemba

Nimeamua. Mlango wa kati ya chumba changu na chumba cha Bibi lazima uzibwe.

Naandika sababu zangu hapa nisije nikazisahau nitakapoanza kuona huruma. Kwanza, ni mlango kwa jina tu. Hauna ubao tangu kabla sijazaliwa. Una pazia la maua, na maua yenyewe yamepauka hayajulikani ni ya nini. Pili, Bibi Savriniso hupita hapo mara kumi na moja kwa siku. Jana nilihesabu. Akipita huketi kitandani kwangu na kusema, "Soma, soma, mimi simo." Halafu anaanza kunisimulia habari za mbuzi aliyekufa mwaka ambao Baba alizaliwa. Tatu, chumba chake kina mlango mwingine, wa barazani, mzima, wenye kitasa. Hautumii. Anasema ule ni wa wageni.

Mashindano ya insha ya wilaya ni tarehe 28. Nahitaji ukimya. Binamu yangu Munisa, anayekaa ng'ambo ya ua na ambaye tuko naye darasa la kumi, ana chumba chenye ufunguo. Munisa hajawahi kumaliza kitabu hata kimoja. Lakini ufunguo anao!

Baba alipiga simu kutoka Surgut, huko kwa Warusi, kama kila Jumapili. Umekula? Nimekula. Shule? Nzuri. Baridi huko? Ipo. Haya, mpe mama. Sekunde arobaini. Si kwamba hatupendani. Tumefanana mno. Wote wawili tunaona haya, hata kwenye simu.

Baba ni fundi wa kuta za jipsamu. Mwaka wa pili huu anawagawia Warusi vyumba. Kwake mwenyewe binti yake analala njiani.

Jumatatu, 3 Novemba

Kampeni imeanza.

Mama kwanza. Nilimkuta kwenye cherehani, pini mdomoni. Nikamweleza habari za joto linalopotea na makaa ya mawe tutakayookoa. Akasema, "Mm." Nimeichukulia ni ndiyo.

Bibi alikuwa mgumu. Nilimwambia upepo wa mlangoni unamuumiza magoti. Akasema upepo huo anaufahamu, wamezeeka pamoja. Nikamwambia insha. Akasema mwenzangu mmoja, yaani yeye, hakusoma hata alifu na bado ameolewa. Nikatamka la mwisho nililokuwa nalo: kwamba Baba angefurahi kuona mtoto wake amejifunza kazi ya mkono wake.

Akaniangalia kwa lile jicho lake moja lisilo na ukungu. Kisha akasema basi, ziba, lakini mkate usiguswe.

Mkate! Nilikuwa nimeusahau. Siku Baba alipoondoka aling'ata mkate mara moja, kama afanyavyo kila msafiri wa hapa mjini kwetu Konibodom, na uliobaki ukatiwa kwenye mfuko wa kitambaa cheupe. Akautundika mwenyewe kwenye msumari ulio juu kabisa, katikati ya unene wa ukuta, chini ya boriti ya mlango ule. Unamngoja. Akirudi ataumalizia kabla hata hajanywa chai. Ukihamishwa, au panya akiula, Bibi anasema njia ya msafiri inajifunga. Kila asubuhi akipita huinua mkono, anaugusa mfuko kwa ncha za vidole, anasema, "Umeamkaje, mwanangu."

Nikamwahidi. Mkate hautaguswa.

Jumatano, 5 Novemba

Vifaa vipo! Vimelala stoo, nyuma ya masanduku ya aprikoti. Baba alivinunua kabla hajaondoka, alitaka kunitengea chumba. Kila mara alisema wiki ijayo. Halafu akaondoka. Kuku wamekuwa wakilala juu ya mbao za jipsamu na wameacha ushahidi.

Vyuma viko vya aina mbili na vyote kwangu ni mabati yaliyokunjwa. Nilivipiga picha nikamtumia Baba, na chini yake nikaandika kwa adabu, samahani kwa usumbufu, kipi ni kipi.

Akajibu kwa sauti. Dakika NNE.

Nimeusikiliza ujumbe huo mara sita. Anasema chuma chenye kuta laini ndicho cha kulala, hufungwa sakafuni na juu. Chenye kingo zilizokunjwa kwa ndani ndicho cha kusimama. "Cha kusimama kinaingia ndani ya cha kulala kama mguu kwenye soksi, binti yangu." Anasema ukuta wetu wa udongo ni mnene nusu mita, kwa hiyo nijenge fremu mbili, moja usawa wa chumba changu na nyingine usawa wa chumba cha Bibi, katikati niache uwazi. Sauti ikiingia kwenye uwazi inapotea njia.

Ameniita binti yangu. Kwenye simu huniita "haya".

Jumamosi, 8 Novemba

Balaa.

Niliupima mlango kwa futi ya Mama, ile ya kushonea. Nikakata vyuma kwa futi ya Baba, ile ya chuma, kwa sababu mkasi wa bati ulikuwa upande ule na futi ya Mama upande huu. Kumbe futi ya Mama imekatika sentimita tatu za mwanzo tangu mwaka wa harusi yake. Mama anajua kutoa tatu. Mimi sikujua. Hakuna aliyeniambia!

Vyuma vikawa virefu. Nikavilazimisha kwa nyundo. Cha kwanza kikajikunja. Bibi akachungulia kupitia pazia, akasema haya, upinde umepata, sasa nenda katafute mshale.

Nilimtumia Baba picha. Nilidhani atakasirika. Akapiga simu siku isiyo yake, Jumamosi, akiwa kazini, nyuma yake mashine inalia, na alikuwa anacheka. Sikuwa nimesikia kicheko chake kwa muda mrefu, nikashangaa kwamba kinafanana na changu: kinatokea puani. Akanisimulia ukuta wake wa kwanza huko. Alimfungia msimamizi koti lake ndani, na funguo za gari zikiwa mfukoni mwa koti. Akasema hakuna fundi ambaye hajawahi kuzika kitu ukutani.

Nimeandika sentensi hiyo kwenye jalada la daftari la fizikia.

Jumapili, 9 Novemba

Dakika thelathini na saba! Mama alikuwa anatazama saa ya ukutani, kisha mimi, kisha saa.

Tumezungumzia timazi. Baba anasema jicho hudanganya, mkono hudanganya, uzi wenye uzito haudanganyi. Timazi yake iko naye Surgut. Nikatengeneza ya kwangu kwa uzi wa Mama na mchi wa shaba wa Bibi. Nikaitundika. Fremu yangu imelalia kushoto kama mtu anayesikiliza umbea.

Nikamwambia. Akasema fungua skrubu za juu, usogeze upana wa kidole, ufunge tena. Nikafungua, nikasogeza, nikafunga, yeye akiwa sikioni. Hatukusema kitu kingine. Sikutaka simu iishe.

Mwishoni ndipo akakumbuka: "Umekula?"

Jumanne, 11 Novemba

Munisa alikuja kunisaidia kubeba ubao. Sikumwita. Alisema amesikia najijengea gereza akataka kuona dirisha la kupitishia chakula liko wapi. Nikasema kwa upole kwamba baadhi yetu tunahitaji utulivu ili tuandike. Akasema baadhi yetu tunahitaji jua, uso wako umekuwa kama unga. Tukagonga kona ya ubao kwenye kizingiti. Kila mmoja akasema ni mwenzake. (Ni yeye.)

Upande wangu umefungwa kasoro kipande cha juu. Skrubu sitini na nne. Nyingine zimezama sana, nyingine zimegoma.

Nilipokuwa nafunga, Bibi alivuta kigoda chake akaketi upande wake wa fremu. Tulikuwa tukitazamana kati ya vyuma kama karani wa posta na mteja. Alikuwa ananipitishia lozi moja moja. Akauliza kama ukuta ukishafungwa nitamsikia akiita. Nikasema hapana, ndiyo maana yake. Akasema ahaa. Akanipitishia lozi nyingine.

Ijumaa, 14 Novemba

Kesho Bibi anakwenda hitima ya jirani, Mama anapeleka gauni la bibi harusi. Ndiyo siku ya kufunga. Limebaki tatizo la mkate.

Nimelifikiria kisomi. Bibi alisema mkate usiguswe. Sitaugusa. Desturi inasema usihamishwe. Hautahamishwa, utabaki kwenye msumari wake, ndani ya uwazi, katikati ya fremu mbili. Desturi haisemi popote kwamba lazima uonekane. Na ndani ya ukuta hakuna panya, hakuna vumbi, hakuna nzi. Baba harudi hadi kiangazi. Hadi hapo nitakuwa nimebuni namna ya kuutoa. Kwa kweli hakuna mkate wa msafiri uliowahi kulindwa vizuri hivi katika wilaya nzima.

Lakini Bibi anausalimia kila asubuhi. Kwa hiyo lazima akute kitu cha kusalimia.

Leo Mama alioka. Nikachukua mkate mmoja, nikaung'ata kama Baba. Haukufaa. Mdomo wa Baba ni mpana na wangu ni wa panya. Mkate hautupwi, haugeuzwi hata kifudifudi, na uliong'atwa haumfai mtu mwingine, kwa hiyo nikaula. Nikajaribu wa pili kwa kung'ata mara mbili mahali pamoja. Nikaula. Wa tatu nilicheka katikati. Nikaula. Wa nne ukafanana kabisa. Nimeukausha juu ya jiko la makaa na kuutia kwenye mfuko mweupe.

Tumbo linaniuma. Mama anasema nimekua, angalia ninavyokula.

Jumamosi, 15 Novemba

IMEKWISHA!

Uwazi nimeujaza pamba ya godoro kuukuu la buluu lililokuwa stoo, ili sauti isipotee njia tu, ilale kabisa. Nikaupitisha mkono kuzunguka mfuko wa mkate bila kuugusa. Nilibana pumzi. Kisha nikafunga kipande cha juu cha upande wangu, na ubao wote wa upande wa Bibi. Nikajaza viungo kwa unga wa jipsamu, nikalainisha kwa karata ya plastiki. Juu, upande wa Bibi, nikapigilia msumari mpya na kutundika mfuko wangu.

Bibi aliporudi nikamwambia msumari ni uleule, ukuta ndio umekuja nyuma yake. Mungu anisamehe. Ana mtoto wa jicho, haoni zaidi ya urefu wa mkono.

Akainua mkono. Akaugusa mfuko. Akaingiza vidole ndani, akapapasa pale palipong'atwa, taratibu, kama anayehesabu. Kisha akautoa mkono, akanigeukia, akaniuliza kwa upole nasafiri lini.

Nikasema sisafiri, Bibi, Jumatatu naenda shule kama kawaida.

Akasema, "Mungu akufungulie njia, mjukuu wangu."

Maskini. Umri huo. Nitatafuta kitabu kuhusu kusahau kwa wazee.

Jumapili, 16 Novemba

Baba alipiga.

Umekula? Nimekula. Shule? Nzuri. Ukuta? Umekauka. Viungo? Vimeshika. Haya, vizuri sana. Nikatafuta kitu cha kuuliza. Kila kitu kilikuwa kimeshatengenea. Mpe mama.

Sekunde hamsini. Kumi zaidi kwa sababu ya viungo.

Chumbani kuna ukimya wa ajabu. Naweza kusikia kalamu. Nimeandika kichwa cha insha: "Ukimya". Nimekipigia mstari mara mbili.

Alhamisi, 20 Novemba

Insha bado ni kichwa na mistari miwili.

Leo mlango wa nje wa chumba changu uligongwa. "Hodi?" Bibi! Bibi kapiga hodi kwangu! Alikuwa amevaa kanzu yake ya kutokea na viatu vya mpira, fimbo mkononi, kwa sababu sasa ili anifikie lazima atoke barazani, avuke ua wenye barafu, apande ngazi tatu. Nikamkaribisha. Hakuketi kitandani. Aliketi kwenye kiti, mgongo wima, kama mgeni. Akauliza habari za masomo. Nikasema nzuri. Akasema vizuri. Tukawa kama mimi na Baba.

Nilimwuliza habari za yule mbuzi. Akasema aa, hatanichosha leo, nina kazi.

Alipoondoka aliacha kifurushi: soksi za sufi, lozi, aprikoti kavu. Akasema ni za njiani. Njia gani? Nimeandika kwenye orodha ya dalili za kusahau.

Jumapili, 23 Novemba

Baba anarudi.

JUMATANO. Kazi imeisha mapema, baridi imewafunga. Alimwambia Mama, Mama akapiga ukelele, Baba Mkubwa wa ng'ambo ya ua akaja anakimbia na kiatu kimoja. Bibi hakulia. Alifuta mikono kwenye aproni, akasema haya, aje aumalizie mkate wake.

Mkate wake!

Hesabu: siku tatu. Mkate wa kweli umo ndani ya ukuta. Ulio nje niliung'ata mimi. Msafiri akila mkate usio wake, wake je? Unaendelea kungoja. Unamngoja nani, naye amesharudi? Nimejaribu kulifikiria kisomi na usomi umenikimbia. Najua jambo moja tu. Miaka miwili Bibi ameusalimia mkate ule kila asubuhi ili mwanawe afike salama, na bado ana siku tatu za njiani, na mimi nimeufukia kwa pamba ya godoro.

Jumatatu, 24 Novemba

Mpango: kukata tundu dogo upande wangu, juu, kuingiza mkono, kuutoa mfuko, kubadilishana na ule wa nje, kuziba. Nusu saa.

Nilipanda kiti. Nikakata tundu la ukubwa wa sahani ndogo. Nikaingiza mkono. Pamba. Nikavuta pamba. Nyuma ya pamba kulikuwa na pamba. Nikaingiza hadi begani, nikakuta chuma, nikakizunguka, vidole vikagusa kitambaa, nikafurahi, na ukingo wa bati ukakamata mkono wa sweta.

Nikakwama.

Sikuthubutu kuita. Ningemwita nani? Mama yuko kwenye cherehani. Na Bibi hasikii. Ndivyo nilivyoujenga. Nilisimama juu ya kiti dakika arobaini, shavu likiwa limebanwa ukutani kama ninayeupima joto. Ukuta ulinuka unga na godoro.

Munisa akaingia kuazima kamusi. Alicheka hadi akaketi chini. Kisha, lazima nikiri, alipanda kiti, akaukata mkono wa sweta kwa makasi, akanishusha, akanipangusa pamba nyusi. Nikamwapisha asimwambie mtu. Akasema hawezi kumwambia mtu, nani angeamini?

Tundu nimelifunika kwa ramani ya dunia. Surgut iko sawasawa juu yake.

Jumatano, 26 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio.

Alifika kabla ya chakula cha mchana. Amekonda. Ana mvi mbili upande wa kulia. Alimkumbatia Bibi, akamkumbatia Mama, akamkumbatia Baba Mkubwa. Akafika kwangu. Tukatazama viatu vyetu. Akasema nimekuwa mrefu. Nikasema ndiyo. Akaweka mkono kichwani kwangu na kuusahau hapo.

Watu wakajaa chumbani kwa Bibi. Majirani, watoto, Munisa mstari wa mbele. Kitambaa cha kulia kikatandikwa, chai ikamiminwa, hakuna aliyegusa. Bibi akainuka. Akanyoosha mkono kwenye mfuko.

Nilikuwa nimepanga kuugua. Nilikuwa nimepanga pia kuzimia, nilifanya mazoezi. Lakini nilipoona mkono wa Bibi juu pale, na Baba akiwa ameshaweka kiganja wazi kuupokea, nikasikia mtu anasema, "Baba, huo si wako."

Alikuwa ni mimi. Kwa sauti. Mbele ya watu kumi na wanne! Nikasema yote. Msumari, pamba, mikate mitatu niliyoila. Nilikuwa naitazama birika.

Kimya. Ukuta mzuri kuliko wangu.

Bibi ndiye aliyejibu. Akautoa mkate mfukoni, akawaonyesha watu pale palipong'atwa. Akasema, "Mlidhani sijui? Meno ya mwanangu niliyangoja yaote moja moja. Haya si yake. Haya ya panya wangu huyu." Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Alijua pia kwamba wa Baba uko mahali pake, kwa sababu kila asubuhi, baada ya kuusalimia wangu ili nami nisafiri salama, alikuwa anaweka kiganja ukutani na kumsalimia mwanawe aliye ndani. Alimwambia mtoto mkate usiguswe. Haukuguswa. Kosa liko wapi?

Munisa akasema kwa sauti ndogo kwamba uliguswa kidogo, Jumatatu. Nikamkanyaga.

Baba aliinuka akaenda ukutani. Akaugonga kwa kifundo cha kidole, hapa, hapa, na hapa, sikio karibu. Akapitisha ncha ya kidole kwenye kiungo, kutoka sakafuni hadi juu. Akautoa begini uzi wake mwenyewe, timazi yake ya kweli, akautundika mbele ya watu wote na chai inapoa. Uzi ukatulia. Akautazama muda mrefu.

Akasema, "Umesimama."

Kisha akasema amejenga kuta asizojua idadi na hajawahi kusita kukata hata mmoja, hadi leo. Akapangusa pua kwa nyuma ya mkono. Akaomba kisu.

Alikata mraba safi. Pamba ikamwangukia kichwani, mabegani, kwenye bakuli la zabibu. Mama akapiga ukelele: godoro lake la harusi! Baba, mweupe kama aliyetoka Surgut dakika ile, akaingiza mkono na kuutoa mfuko. Mkate ulikuwa mzima, mkavu kama kigae, na panya hakuuona. Akautumbukiza kwenye chai, akaula hadi punje ya mwisho, watu wote wakimtazama bila kutafuna. Punje moja ilibaki kwenye sharubu. Bibi akaiokota, akaila yeye.

Ndipo watu wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Ijumaa, 28 Novemba

Mashindano. Tulikuwa watano. Nimekuwa wa nne.

Munisa amekuwa wa kwanza. Insha yake inaitwa "Binamu Yangu Aliyekamatwa na Ukuta". Mwalimu aliisoma kwa sauti. Majaji walifuta machozi. Ameandika kwamba pamba ilikuwa hadi puani. Haikufika puani! Ilikuwa nyusi tu.

Jumapili, 30 Novemba

Mimi na Baba tumebomoa kwa siku mbili. Hatukubomoa vyote. Fremu zimebaki pembeni, tumezipunguza upana na kuzifunga mbao za pande zote, zimekuwa rafu za vitabu kulia na kushoto. Katikati kuna mlango. Mlango wa kweli, wa ubao, wenye kitasa. Baba anasema sasa ninaweza kuufunga nikitaka kusoma.

Tumezungumza siku mbili mfululizo. Habari za skrubu tupu. Sijawahi kuwa na furaha hivi.

Bibi ameupita mlango mpya mara kumi na tano leo. Haufungi. Anasema kitasa kigumu. Ameketi kitandani kwangu, akasema, "Soma, soma, mimi simo." Yule mbuzi, kumbe, hakufa. Aliibwa.

Jumapili, 1 Machi

Baba aliondoka Alhamisi. Aling'ata mkate mpya, akautundika kwenye msumari uleule, juu ya mlango. Wangu unaning'inia pembeni yake. Bibi amekataa utolewe. Mkate uliong'atwa ni ahadi, anasema. Nitaumalizia siku nitakayorudi kutoka chuo kikuu. Nikamwambia bado miaka miwili hata niondoke. Akasema mkate hauna haraka, mwenye haraka ni mimi. Sasa kila asubuhi anasalimia mara mbili.

Nimejifunza mengi katika jambo hili. Nimejifunza kwamba ukimya si kitu cha kutamani, kwamba mtu asifiche jambo mbele ya bibi yake, na kwamba milango iachwe ilivyo. Nimeyaandika kwa wino mwekundu.

Mchana Baba alipiga simu kutoka Surgut.

Umekula? Nimekula. Shule? Nzuri. Baridi? Ipo. Kisha ikaja ile pumzi. Naifahamu. Ni pumzi ya "mpe mama".

Nikatazama huku na huku. Nyumba hii ina milango sita.

Nikasema, Baba, mlango wa stoo unapitisha upepo sana, nafikiria kuuziba.

Nilisikia kiti kikivutwa huko Surgut, mtu akiketi vizuri.

"Upana wake?" akauliza.

Nikamwambia asikate simu. Nimekimbia kuchukua futi, ile iliyokuwa karibu, ya kwenye cherehani ya Mama. Sentimita tisini na mbili kamili! Tumezungumza dakika arobaini na moja. Vyuma vipya atatuagizia kwa jirani anayekuja mwezi huu.

Stoo haina mlango mwingine. Makaa yote yamo humo, na kuku. Hilo tutalijadili Jumapili ijayo.